Mahali Anapokaa Ozella Treadwell

Kwa miaka thelathini na mmoja Ozella Treadwell aliendesha basi la shule, lile la manjano, na hakuna mtoto wa Sweetgum aliyekua bila kufokewa naye walau mara moja. "Keti chini kabla sijaja kukuketisha!" Sauti hiyo iliwafikia hata waliojificha kiti cha nyuma kabisa, na mpaka leo watu wazima wenye mvi zao wakiisikia dukani hujikuta wamenyoosha migongo. Aliwajua wote kwa majina, kwa mama zao na kwa milango waliyotokea asubuhi. Alijua nani hakunywa chai na nani baba yake hakurudi nyumbani. Mkoba wake haukukosa biskuti.

Sweetgum si mji. Ni barabara moja ya lami iliyochoka, makanisa mawili, duka la mafuta, na nyumba mia mbili na ushei za watu weusi ambao babu zao walilima pamba ya wengine mpaka wakajipatia vipande vyao. Ng'ambo ya Kijito cha Cane uko mji wa Harlan, wenye hospitali, shule ya sekondari na ofisi zote za kaunti. Watu wa Sweetgum wanafanya kazi Harlan na kujifungulia Harlan. Watu weusi wa Harlan wanazikwa Sweetgum, kwa kuwa ndiko waliko wazee wao. Mtu mwenye akili timamu angeona hapo familia moja yenye nyumba mbili. Bunge la jimbo liliona vingine.

Kila miaka kumi, watu wakishahesabiwa, bunge huchora upya mipaka ya maeneobunge yake. Safari ile waheshimiwa wakaupitisha mpaka katikati ya kijito. Harlan ikapachikwa kwenye vitongoji vya matajiri vilivyo maili themanini kaskazini, Sweetgum ikapachikwa kwenye vitongoji vingine vya matajiri kusini, na kura za watu weusi wa pande zote mbili zikamezwa kama chumvi kwenye pipa la maji. Waliochora walijua wanachofanya. Wala hawakuona haya.

Kisha likaja suala la daraja la kijito kile. Mhandisi alilikagua, akatikisa kichwa, na kesho yake vikaletwa vitalu vya zege kuziba njia. Mbunge wa Harlan akasema daraja liko upande wa mwenzake. Mwenzake akasema hapana, nguzo zilizooza ni za upande ule. Watu wakapigwa danadana miaka sita. Safari ya maili nne ikawa maili kumi na tisa kwa kuzunguka, na Lucius, mume wa Ozella, akafia ndani ya ambulensi kwenye kona ya maili ya kumi na mbili. Ozella alikuwa ameketi ubavuni pake, amemshika kiganja. Ile kona aliijua vizuri sana, maana daraja lilipofungwa aliipita mara mbili kwa siku na watoto, mpaka alipostaafu.

Ndiyo maana Kendra Lassiter, wakili kijana kutoka mji mkuu, alipofika ukumbi wa kanisa kutafuta watu wa kuweka majina yao kwenye kesi ya kupinga mipaka ile, Ozella hakusubiri amalize maneno. Aliomba kalamu. Baada yake akaja Mwalimu Hosea Gaines, kisha Dada Pearlie Mims. Shemasi Roosevelt Binion, ambaye kazi yake ilikuwa ya kaunti na mdomo wake ulikuwa wa kila mahali, alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni.

"Nenda, Shemasi," Ozella alimwambia. "Isije ikaungua na wewe hujui hata jiko linawashwaje."

Wakili Lassiter alieleza jambo moja mara mbili, polepole. Mahakama haimsikilizi mtu anayelalamikia mpaka wa mahali asipokaa. Kila eneobunge linalopingwa lazima liwe na mtu wake, mkazi wake. Akikosekana, madai ya eneo hilo yanaanguka hata yawe ya kweli namna gani. Kwa hiyo kwenye karatasi ya kiapo palikuwa na mstari wa anwani, na Ozella akaandika: 4418 Barabara ya Old Mill, Sweetgum.

Hakudanganya. Hili lazima lieleweke, maana baadaye mtu mwenye suti alijaribu kulifanya lionekane ni udanganyifu. Nyumba hiyo ilijengwa na babu yake kwenye shamba ambalo halijawahi kugawanywa. Ni la wajukuu na vitukuu wote kwa pamoja, waliopo na walio mbali. Kwa watu wa huko, mtu anaweza kufanya kazi kiwandani Detroit miaka arobaini, anunue nyumba Detroit, azeeke Detroit, na ukimuuliza anakaa wapi atakutajia Barabara ya Old Mill bila kupepesa macho. Barua za Ozella zilikwenda pale. Kadi yake ya kura ilikuwa ya pale, na kwenye daftari la kanisa ni hivyo hivyo. Kila Jumamosi alizunguka zile maili kumi na tisa kwenda kufagia uwanja.

Kuzunguka akitokea wapi? Akitokea Harlan, kwa binti yake.

Mwaka mmoja baada ya kumzika Lucius, aliteleza kwenye ngazi za nyuma akavunjika nyonga. Alilala chini kwa muda wa saa nne, jua la Agosti likimpiga, akiwaita majirani wasiosikia. Aliyemkuta ni Charmaine, mtoto wake wa pekee, muuguzi wa wagonjwa wa figo. Wakaipanda ile ile ambulensi, wakaizunguka ile ile njia, na walipopita kwenye kona ya maili ya kumi na mbili Charmaine aliziba uso kwa mikono. Hospitalini alimshika mama yake mabega.

"Niapie, mama. Hutalala tena peke yako nyumba ile."

"Sitalala."

"Sema lote."

"Sitalala tena peke yangu nyumba ile. Haya, umeridhika? Niletee maji."

Alipoweka saini kwenye ile kesi alikuwa ameshakaa kwa Charmaine miezi sita. Lakini kule kwa Charmaine, kwa akili yake, ni pahala pa kulala tu kwa sasa. Hakuna aliyemuuliza analala wapi, na yeye hakuona sababu ya kulitaja.

Mashauri ya mahakama yana mwendo wa konokono. Hadi siku ya kusikilizwa inafika, Mwalimu Gaines alikuwa amehamia kwa mwanawe Atlanta, na Dada Pearlie alikuwa amezikwa Sweetgum kwa nyimbo nzuri. Kwa upande wa kusini wa kijito akabaki Ozella peke yake.

Charmaine aliomba ruhusa kazini akamwendesha mama yake mwendo wa saa mbili mpaka mji mkuu. Ozella alivaa suti ya zambarau ya Pasaka na kofia yake. Kizimbani alikuwa moto. Wakili Lassiter alimwuliza kuhusu njia ya basi lake, naye akawapitisha nyumba kwa nyumba: huyu mama yake anafanya usafi hospitali ya Harlan, wale bibi yao anaimba kwaya ng'ambo, hawa wanakula chakula cha Jumapili pande zote mbili wakijaaliwa. Jaji Haldane, mzee mweupe mwenye miwani iliyomshuka puani, aliacha kuandika akawa anasikiliza tu.

Kisha akasimama Bwana Whitcomb, wakili wa upande wa jimbo. Alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa wa kuogopesha.

"Bibi Treadwell, hongera kwa utumishi wako. Nina maswali machache tu. Hii nyumba kwenye picha unaifahamu?"

"Ni kwangu."

"Uwanja msafi kabisa. Nani anaufagia?"

"Nani mwingine? Mimi."

"Umeme wake ulikatwa lini?"

Ozella alimtazama. "Kitambo kidogo."

"Miezi ishirini. Na maji?"

"Maji nilifunga mwenyewe, mabomba yasipasuke na baridi."

"Jana usiku ulilala wapi, Bibi Treadwell?"

"Kwa binti yangu."

"Na juzi?"

"Kwa binti yangu."

"Binti yako anakaa Harlan, ng'ambo ya mpaka, kwenye eneobunge jingine. Mara ya mwisho kulala Barabara ya Old Mill ilikuwa lini?"

Wakili Lassiter alikuwa ameinamia karatasi zake, na hata shingo yake ilionekana kuugua. Ozella aliitaja tarehe. Hakuhitaji kuitafuta, ilikuwa siku ya nyonga.

"Kwa hiyo," Bwana Whitcomb akamgeukia jaji, "kwenye eneobunge hili hakuna mlalamikaji, Mheshimiwa. Kuna nyumba tupu na ufagio. Tunaomba madai haya yaondolewe."

Jaji alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Bibi Treadwell," alisema, "sheria haiangalii tu mtu amelala wapi. Mwanajeshi anaweza kulala kambini miaka mitano, na nyumbani kwake pakabaki pale pale. Inaangalia nia. Nataka nikuulize mimi mwenyewe, na nakukumbusha umekula kiapo. Je, una nia ya kurudi kuishi katika nyumba hiyo?"

Lilikuwa swali la msaada. Mzee yule alikuwa amemfungulia mlango, akaushikilia ili apite. Angejibu ndiyo, siku moja, Mungu akipenda, na angerudi zake Harlan kwenye kitanda chenye joto. Hakuna ambaye angemfuatilia. Lakini Ozella hakuwa mtu wa kuapa kwa ulimi huku moyo unasema lingine, na alijua wazi kwamba tangu ile ahadi ya hospitalini hakuwa na nia yoyote ya kurudi. Alikuwa na nyumba pale, na hamu ya kuirudia. Nia hakuwa nayo. Akitaka kusema ndiyo na iwe kweli, ilibidi aipate palepale alipoketi.

Akamtazama Charmaine, aliyekaa benchi ya tatu. Charmaine alikuwa ameshaelewa. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, midomo imebana, macho yamejaa: mama, usithubutu.

"Nitarudi, Mheshimiwa," Ozella akasema.

"Lini?"

"Leo."

Watu wakacheka kidogo. Jaji hakucheka. Aliandika.

Wakarudi Harlan. Charmaine alisimamisha gari mbele ya nyumba yake, asizime injini.

"Leo ni Jumatano, mama, si Jumamosi ya kufagia. Umeme hakuna. Maji hakuna. Unarudi kule kufanya nini? Kufa?"

"Kukaa."

"Uliniapia."

"Nilikuapia. Nimekivunja kiapo, na nimekivunja mbele ya macho yako, sikwenda kichinichini. Nisamehe, mwanangu."

"Usiniletee ubabe wako wa basi! Mimi si mtoto wa kiti cha nyuma. Baba alikufa kwenye ile njia, na wewe nusura. Unataka nikuzungushe tena?"

"Nataka wasiwe wanazungusha mtu. Sisi tukinyamaza lile daraja halitajengwa mpaka Yesu arudi, na hata Yeye atalazimika kuzunguka."

Charmaine hakucheka. Alimsaidia kufunga nguo, akapakia taa ya betri, blanketi tatu na dumu za maji, akamfikisha Barabara ya Old Mill jua likiwa bado juu. Alishusha kila kitu kibarazani, akapanga dawa za presha kwa siku zake. Kisha akasema neno ambalo alilijutia kabla halijamaliza kutoka.

"Ukianguka tena usinipigie mimi. Mpigie jaji."

Akaondoka. Ozella alibaki amesimama na kofia yake ya zambarau, akiliangalia vumbi. Iliuma, na alistahili iume.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Umeme ulirudishwa baada ya siku nane, maji baada ya kumi na moja, na paa la jikoni likavuja sehemu ambazo hakuzijua. Shemasi Binion alikuja na nyundo yake na aibu yake, akatengeneza ngazi za nyuma bila kuambiwa, akaweka na mkono wa kushikia. Majirani wakapanga utaratibu wa pazia: ikifika saa moja asubuhi lazima pazia la jikoni la Ozella liwe limefunguliwa, na lisipofunguliwa mtu aende kugonga. Alilalamika kwamba anachungwa kama kuku. Hakuchelewa kulifungua hata siku moja.

Charmaine hakupiga simu. Wiki zikapita, mwezi ukapita, Krismasi ikapita na pai ya viazi vitamu iliyoachwa kibarazani wakati Ozella yuko kanisani. Aliila yote peke yake kwa siku mbili, akilia na kula. Hata hivyo Shemasi Binion hajawahi kutunza siri zaidi ya wiki sita, na Januari akiwa juu ya paa likamponyoka.

"Mimi na bintiyo tunaongea sana siku hizi."

"Charmaine? Mnaongea nini?"

"Si chochote. Saa moja na dakika tano kila siku ananipigia. 'Shemasi, pazia limefunguliwa?' Nikimwambia limefunguliwa, anakata. Hata salamu hanipi, mtoto yule. Kama wewe tu."

Ozella aliingia ndani akakaa kwenye kiti cha Lucius. Tangu siku hiyo akawa analifungua pazia saa kumi na mbili na nusu.

Hukumu ilitoka Februari. Jaji Haldane aliitupilia mbali ramani ya bunge, akawapa waheshimiwa wiki tatu kuchora nyingine. Wakaleta ile ile, wameisogeza kidogo tu hapa na pale, kama mtu aliyeambiwa afagie akasogeza viti. Hapo jaji akachoka nao. Akateua mtaalamu wa mahakama, mtu asiye wa chama chochote, akamkabidhi kalamu. Ramani ilipotoka, Kijito cha Cane hakikuwa mpaka tena. Kilipita katikati ya eneobunge moja, Sweetgum mkono huu, Harlan mkono ule. Jimbo likakata rufaa, rufaa ikagonga mwamba.

Wakili Lassiter alikuja mwenyewe na nakala. Ukurasa wa sitini na moja palikuwa na sentensi fupi, na Ozella alimfanya aisome mara tatu, ya tatu kwa sauti ya kumfikia mtu wa kiti cha nyuma: "Mahakama inamwamini shahidi Treadwell."

"Basi, Dada Ozella," Shemasi Binion akasema wiki ile, akijifuta makombo ya mkate wa mahindi. "Umeshinda. Kesi haina haja nawe tena. Si urudi mjini kwa mwanao ukapumzike?"

"Nilimwambia jaji nitarudi kuishi hapa. Sikumwambia nitarudi mpaka hukumu itoke."

"Nani atajua?"

"Mimi. Amesema ananiamini, na ameandika. Nikiondoka sasa nitakuwa nimemfanya mzee wa watu mwongo."

"Na Charmaine?"

Ozella aliinuka. Akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Novemba ikafika, siku ya kura. Vile vitalu vya zege vilikuwa bado vimekaa darajani, maana mahakama huchora mipaka, haijengi madaraja. Lakini kwenye karatasi ya kura palikuwa na jina la mwalimu wa hesabu wa sekondari ya Harlan, ambaye Ozella alimbeba kwenye basi miaka kumi na miwili na kumfokea yote kumi na miwili, na kwa mara ya kwanza watu wa ng'ambo zote mbili walikuwa wakimpigia kura mtu mmoja. Foleni ilitoka ukumbi wa kanisa mpaka makaburini. Ozella alipiga kura yake, akaitumbukiza karatasi kwenye mashine, na alikuwa akibandika kifuani ile stika wanayopewa waliokwisha kupiga kura aliposikia sauti nyuma yake mezani kwa karani.

"Charmaine Treadwell."

"Anwani?"

"4418 Barabara ya Old Mill."

Karani alishuka na kidole kwenye daftari. "Upo. Saini hapa."

Ozella aligeuka. Binti yake alikuwa amevaa sare ya kazini, amekonda kidogo, anatia saini.

"Wewe," Ozella akasema, na ile sauti ya basi ilimkataa kabisa. "Unaapa uongo mbele ya serikali?"

"Nani kasema uongo? Nilisikia jaji akikufafanulia. Ni nia." Charmaine alisimamisha kalamu. "Uliapa mara mbili, mama. Ukamtimizia jaji. Nimeona mimi nisipokuja, changu hakitatimia kamwe."

"Kipi?"

"Cha kutolala peke yako."

Ozella Treadwell, ambaye hakulia mbele za watu hata siku ya kumzika mumewe, aliangua kilio mbele ya karani, mashine ya kura na nusu ya Sweetgum. Foleni nzima ikageukia ukuta kusoma matangazo ya kwaya. Alipoweza kusema, alijifuta kwa mkono wa gauni, akachungulia dirishani. Juu ya gari la Charmaine palikuwa na godoro lililofungwa kwa kamba za kila rangi.

"Umelizungusha hilo maili zote kumi na tisa?"

"Zote. Kwenye ile kona lilitaka kuruka. Nikasimama, nikashuka, nikalikaza."

"Ulisimama pale?"

"Nilisimama pale," Charmaine akasema. "Sasa acha nipige kura, mama. Watu wanasubiri."